Walionunua Ukimya wa Shangazi

Dada yangu hana sauti nzuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba mtu alisoma redioni miaka yote ile wanadhani alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Hana. Sauti yake ni kavu, ya chini kidogo, ya mtu anayekuelekeza pa kushukia ili usipitilize. Akicheka anakohoa. Alikuwa karani wa ghala la nafaka, na redio yetu ndogo ilipoanza walihitaji mtu wa kusoma bei za mahindi bila kutafuna maneno. Akasoma bei, akaombwa asome na tangazo la maji kukatika, na hapo ndipo alipobaki mpaka kichwa kikawa cheupe.

Watu walimwita Shangazi. Sijui nani alianza, lakini jina lilishika kuliko lile alilopewa na baba yetu. Hata wazee waliokula chumvi kumzidi mama yetu walimwita Shangazi, naye akaitika. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi redio kwa kazi, namwita Dada, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyenikasirisha zaidi yake, isipokuwa hao nitakaowaeleza hapa.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la zamani la ushirika. Kuta zilibandikwa trei za mayai, mlango ukavikwa godoro. Feni ilikuwa inagonga, kwa hiyo Dada aliizima kila alipoanza kusoma, akasoma jasho likimtiririka mpaka kwenye karatasi, na akimaliza tu anaiwasha na kusimama mbele yake huku amejipanulia kola. Saa ya ukutani nayo ilikuwa na mlio, wakaihamishia koridoni. Akitaka kujua ni saa ngapi ilibidi achungulie kwenye kitundu walichotoboa ukutani, na mara nyingi alikuta kuna mtu amesimama katikati.

Alisoma vitambulisho vilivyookotwa, ng'ombe waliopotea, siku za chanjo, daraja lililozolewa na maji. Kila tangazo mara mbili, neno kwa neno. Na akikosea, kesho yake, kabla ya jambo lingine lolote, alisema alichokosea. Kuna mara aliwatuma akina mama wapeleke watoto wa chanjo shuleni kumbe ilikuwa zahanati. Kesho yake akasema hivyo hivyo hewani, kwamba waliotembea bure walitembezwa na yeye. Nilimwambia anajidhalilisha, stesheni kubwa hazifanyi hivyo. Akanikata jicho, nikarudi kwenye kazi yangu.

Sasa niseme habari ya gundi. Redio hizi ndogo za betri zina kigurudumu cha kutafutia stesheni. Wajukuu hukizungusha wakitafuta muziki, halafu asubuhi babu akiwasha anakuta kelele tupu, na njia ya kurudi haijui. Wazee wakaanza kuniletea redio zao: Fundi, nifungie hapo hapo kwa Shangazi, kisisogee tena. Nikawa naitafuta stesheni, naiacha itulie, kisha natia tone la gundi. Ilikuwa kazi ndogo, sikuwahi kuitoza kitu. Kule milimani, ambako watu walimjua Dada kwa sauti tu na sura yake hawajawahi kuiona, ungepita nyumba hata nyumba ukakuta redio zisizojua stesheni nyingine. Nilikuwa namtania kwamba yeye ana wasikilizaji, ila mimi ndiye niliyewafunga kamba.

Aliyeiona thamani ya gundi ile ni mtu mwingine. Alikuja kwenye kibanda changu bwana mmoja mwenye viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo kwenye barabara yetu linataka mtu abebwe. Alitoka kwenye kampuni ya redio, ile yenye stesheni kila mahali, na alijitambulisha kuwa ni mshauri. Hakuwa na redio mbovu. Alikalia kigoda changu, akachukua redio ya mzee mmoja iliyokuwa mezani, akajaribu kukizungusha kigurudumu, kikagoma, akacheka. Akaniuliza kama ziko nyingi za namna hiyo. Nikamwambia hazihesabiki. Akanisifu kwamba nina akili, na mimi, zoba mkubwa, nikamnunulia soda.

Wiki ile ile kamati ya redio ikaitwa mkutanoni. Nami nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nautunza mtambo, ingawa sikuwa na kura. Mwenyekiti wetu ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hata akikupa pole unahisi ametia na faida yake. Alimkaribisha Mshauri, na Mshauri akazungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema sheria hairuhusu kuuza leseni ya redio ya jamii, na hakuna anayetaka kuvunja sheria. Lakini sheria haikatazi kuirudisha. Sisi tungeirudisha kwa mamlaka ya utangazaji kwa hiari yetu. Kampuni nayo ingeyaomba masafa yale yale kama mwombaji mwingine yeyote. Na kwa kuwa kampuni inaipenda jamii, ingechangia maendeleo: ingeinunulia zahanati mashine ya umeme.

Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa kila Mshauri alipovuta pumzi. Mimi damu ilikuwa inachemka. Kama si kuuza, mbona kuna bei? Kama ni mchango, mbona unakuja siku tunapoondoka na si kabla? Lakini sikuwa na kura, na Mwenyekiti alishanionya kwa macho.

Dada ndiye aliyeuliza.

"Leseni hatukuinunua," alisema. "Tulipewa tuishike kwa niaba ya watu. Sasa wewe hapa unalipia nini?"

"Urahisi," Mshauri akasema.

"Urahisi wa nani?"

Hapo Mwenyekiti akakumbuka kwamba kuna chai. Chai ikaletwa, swali likapoa nayo.

Baada ya chai Mshauri akataja sharti moja, tena akalitaja kwa upole wa mtu anayekuomba usogee kidogo akae. Kusiwe na kuagana. Stesheni izimwe bila tangazo, na kwa mwaka mzima mtu yeyote wa redio yetu asiwatangazie watu kwamba imefungwa wala kwamba kulikuwa na malipo. Hakuficha sababu. Watu wakiagwa, alisema, watahama, watatafuta pengine. Kampuni ilitaka wakae pale pale walipozoea, wakute sauti. Nusu ya mchango ingetolewa sasa, ndiyo mashine yenyewe. Nusu ya pili, ya kujenga wodi ya wazazi, ingetolewa mwaka ukiisha. Sharti likivunjwa, wodi hakuna, na mashine inang'olewa.

Dada akafunga mkoba wake, akasimama. Akasema kufunga wanaweza kumfungia, lakini hawezi kuondoka nyumbani kwa watu bila kuaga, hata mgeni wa siku moja huaga. Nilimpenda sana dakika ile. Nilishaanza kukunja waya zangu, nikijua mkutano umevunjika.

Ndipo akazungumza muuguzi wa zahanati. Mwenyekiti alikuwa amemwalika, na sasa nikajua kwa nini. Ni mama mfupi, mchovu, ambaye tangu mkutano uanze alikuwa anasinzia kwenye kiti cha nyuma, na hakumwangalia Mshauri wala Mwenyekiti. Alimwangalia Dada.

"Mimi huzalisha nikiwa nimebana tochi kwa meno," alisema. "Hata kumwambia mzazi asukume siwezi."

Dada alisimama pale na mkoba wake mkononi, kisha akakaa. Kalamu ilipomfikia akatia sahihi.

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ningemkasirikia muuguzi? Mtu gani atamkasirikia mtu kama yule? Ningemkasirikia Dada kwa kumhurumia mzazi aliye gizani? Nikabaki nayo kifuani, nikaenda nayo nyumbani, na mke wangu ndiye aliyeila pamoja na chakula cha jioni, masikini, hana hatia yoyote.

Siku ya mwisho alisoma kama kawaida. Kitambulisho kimeokotwa sokoni, shule ya msingi inaomba wazazi walete madawati. Siku zote alimalizia kwa kuwaahidi watu kesho. Siku hiyo hakuahidi, kwa kuwa ingekuwa uongo, na hakuaga, kwa kuwa alishatia sahihi. Alichungulia kwenye kitundu, akataja saa, akanyamaza. Mimi ndiye niliyeuzima mtambo. Alipotoka alisahau kuwasha feni, akakaa kwenye ngazi ya nje na jasho lake.

Redio zikaanza kuja kesho yake.

Nilidhani watu wangesikitika, wangeuliza, pengine wangekwenda kwa Mwenyekiti wampe maneno yake. Wapi! Waliniletea redio nitengeneze. Mtu ana redio inayojua stesheni moja tu, stesheni hiyo ikinyamaza atajuaje kwamba si redio iliyokufa? Walishuka milimani na redio zao kwenye vikapu, zimefungwa vitambaa, wakapanga foleni. Mimi sikuwa mwajiriwa, sikuwa na sahihi popote, kwa hiyo nikawaambia ukweli. Redio yako ni nzima, mzee. Stesheni imefungwa.

Hawakuniamini hata mmoja. Mzee mmoja alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama kazi imenishinda niseme tu, apeleke kwa fundi mwingine.

"Imefungwa, baba. Kweli tena."

"Isingefungwa hivi hivi," akasema. "Shangazi angetuambia."

Wote walisema hivyo, kila mtu kwa maneno yake, lakini hivyo hivyo. Shangazi angetuambia. Na Dada alikuwa yupo pale pale, nyuma ya pazia la kibanda changu, ninapoweka jiko la chai. Alikuwa anakuja kukaa huko kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya mno. Alisikia kila neno. Wakishaondoka ananimiminia chai na kurudi kukaa.

Kusema ndiko kulikomtesa. Mwenyekiti alikuwa ameshaeneza habari kwamba mitambo inafanyiwa matengenezo, na mtu akimsikia Dada mahali popote, kwa sauti ile, lazima amuulize matengenezo yanaisha lini. Akubali, anadanganya. Akatae, mashine inang'olewa. Akaona bora asiongee kabisa. Sokoni akawa ananunua nyanya kwa kuonyesha kidole, mpaka muuza nyanya akanijia kunipa pole kwamba dada yangu amepooza mdomo, na akanitajia dawa. Nilicheka, kisha nikashindwa kulala kwa hasira. Mtu aliyefundisha eneo zima kusikiliza, leo anaongea na nyanya kwa kidole.

Nilimwambia aseme, potelea mbali. Akaniuliza kama niko tayari kwenda zahanati kumweleza muuguzi mwenyewe.

Halafu siku moja redio zikapona. Zote, kwa pamoja, pale pale kwenye gundi. Watu wakaja kunishukuru. Kuna aliyeniletea kuku kwa kutengeneza redio ambayo sikuifungua hata skrubu, na nilipokataa akadhani namdharau. Nikamchukua yule kuku. Dada akaniambia niiwashe redio ya mezani tusikie.

Ilikuwa sauti ya msichana, laini, imenyooka, yenye tabasamu ndani. Alisoma hali ya hewa. Akasoma bei za mazao. Kisha akasema kwa utulivu kabisa kwamba aliyekuwa nasi ni Shangazi wetu, kama siku zote.

Nilimtazama Dada. Alizima redio. Akaiwasha tena. Akasikiliza kipindi chote mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Anasoma vizuri," akasema. "Ananishinda."

Kati ya bei za mazao na hali ya hewa, Shangazi yule mpya alikuwa na habari njema. Kuna mkopo wa haraka, hauna usumbufu, unapiga simu tu na kuweka rehani kitu chochote cha nyumbani. Tangazo hilo alilisema mara mbili, neno kwa neno. Hata hilo walimwiga, na watu wakasema ni matengenezo yaliyomlainisha Shangazi sauti.

Dada alikwenda dukani kwa Mwenyekiti, nami nikamfuata. Huko aliongea, maana Mwenyekiti alikuwa mwenzake katika siri. Alimwambia masafa wamechukua, sawa, lakini jina halikuwa mezani. Mwenyekiti alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Alisema jina halimo kwenye leseni, halimo kwenye makubaliano, na kwa kweli si lake. Shangazi ni jina la kila mtu, hata yeye Mwenyekiti ana shangazi, tena watatu.

"Watu wanadhani ni mimi," Dada akasema.

"Ndiyo ujue walikupenda," akasema Mwenyekiti, akapakia misumari kwenye karatasi.

Nikataka kumrukia. Dada akanishika mkono. Tulipotoka Mwenyekiti alituita, akatukumbusha kwa sauti ya chini kwamba watoto wameshazaliwa kwenye taa pale zahanati, na mwaka si mrefu. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hakuwa anasema uongo. Angekuwa mwizi ningelala usingizi. Lakini hakuchukua hata senti, nilifuatilia nikitumaini kumkuta na kitu, na mashine ile inanguruma pale uani, mtu yeyote anaweza kuiona. Alitoa kitu kisicho chake akawapa watu kitu wanachokihitaji, na ukimuuliza kosa lake liko wapi utajikuta unababaika.

Miezi ikaenda. Dada akapungua. Nilianza kumkuta nyuma ya pazia anasikiliza kipindi cha yule msichana kwa sauti ndogo, akitingisha kichwa mahali fulani fulani, na nilijua ni kwenye mkopo.

Asubuhi moja alifika mama mmoja wa makamo kutoka milimani. Alikuwa mshonaji, nilimjua kwa jinsi alivyokunja kitambaa alichofungia redio, pindo kwa pindo. Aliiweka mezani kwangu akakaa.

"Fundi," alisema, "redio hii imeanza kusema uongo. Nitengenezee."

Nikaanza kucheka, nilidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza daktari. Shangazi alitangaza mkopo usio na usumbufu. Yeye alikuwa na sare za shule za kushona na hana kitambaa, kwa hiyo akapiga simu, akaweka rehani cherehani yake. Sare zikachelewa kulipwa, ule mkopo ukawa unaongezeka kila akiuangalia, na juma lililopita wakaja vijana wawili wakaibeba cherehani. Sare nyingine ziko nyumbani hazina mikono.

"Simlaumu Shangazi," akasema. "Shangazi hasemi uongo. Juzi hapa ng'ombe wa jirani alipatikana kupitia kwake. Ni redio. Kuna kitu kimelegea humo ndani, kinamgeuzia maneno."

Nilichukua bisibisi nikaanza kuifungua redio, kwa kukosa la kufanya na mikono yangu. Ndipo pazia likasogezwa, na Dada akatoka.

"Redio yako ni nzima, mama," alisema.

Yule mama aligeuka kuiangalia redio. Ilikuwa wazi mbele yangu, betri nimezitoa. Akaiangalia muda mrefu, kisha akainua uso akamwangalia Dada, mwanamke mwembamba mwenye mvi na kikombe mkononi, ambaye hakuwahi kumwona.

Dada hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, kwa sauti ile ile kavu, bila kupamba na bila kujitetea. Kwamba stesheni ilifungwa zamani. Kwamba leseni ilirudishwa na kampuni ikalipa ili irudishwe. Kwamba malipo ni ile mashine ya zahanati. Kwamba anayesema sasa ni mtu mwingine. Kwamba yeye alitia sahihi asiseme, na hakusema.

Mshonaji alisikiliza kama walivyomsikiliza siku zote, bila kumkatiza. Dada alipomaliza, akawa ananyoosha kile kitambaa kwenye goti.

"Mjukuu wangu kazaliwa pale," akasema. "Taa zilikuwa zinawaka."

"Nashukuru kusikia," Dada akasema.

"Mngetuuliza. Tungekubali, nani angekataa taa? Lakini mngetuuliza."

Nilifungua mdomo nimtetee dada yangu. Nilikuwa na mengi: Mwenyekiti, Mshauri, muuguzi, kalamu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Kamati yote ile, watu wazima na akili zao, tulikaa tukanywa chai, tukagombana kuhusu kuaga. Kuuliza hakukumjia mtu. Hata Dada, aliyesema tunaishika kwa niaba ya watu, hakufikiri kwamba watu wenyewe wana mdomo.

Dada akaweka kikombe. Akamwambia yule mama wapande pamoja mlimani sasa hivi, atapita nyumba kwa nyumba awaeleze mwenyewe. Alishaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza yangu.

"Ukija wewe, wataing'oa mashine?" mshonaji akauliza.

"Wanaweza."

"Binti yangu mwingine ana mimba ya miezi saba." Alifikiri kidogo. "Basi usije. Nitawaambia mimi. Mimi hakuna aliyenilipa."

Nikamwambia hawatamwamini. Nilishajaribu mimi, tena nikiwa ndugu wa damu, wakaniona fundi mvivu.

"Wataniamini," akasema. "Wakiingia kwangu wanaona pale cherehani ilipokuwa."

Akaniomba nimwondolee ile gundi. Niliikwangua kwa ncha ya kisu, kigurudumu kikalegea, nikamwonyesha jinsi ya kutafuta stesheni nyingine. Alijaribu, akapita kelele, akapita muziki, akaacha. Dada alikuwa bado amesimama na kiatu kimoja mguuni. Alimwuliza yule mama kama anaweza kuwapelekea watu salamu zake. Mshonaji alisema atawaambia alichokisikia. Akaifunga redio yake, akaondoka. Dada akavua kiatu.

Alifanya alivyosema. Kwanza wakaja wachache, halafu wengi, wale wale wa vikapu. Safari hii walijua wanachotaka: Fundi, nifungulie. Nilikwangua gundi mpaka kidole kikatoka lengelenge. Kampuni haikusema kitu, maana aliyewatangazia watu hakuwa mtu wa redio, na mashine iko pale, inanguruma, na binti wa mshonaji alijifungua salama. Mwenyekiti ananipungia mkono akinipita, anaona mambo yameisha vizuri.

Dada hakai tena nyuma ya pazia. Hana cha kuficha sasa, kwa hiyo siku ya kwanza waliporudi aliketi mbele, kando ya meza yangu, amevaa gauni lake zuri, akisubiri. Nadhani alitarajia wamgombeze. Alikuwa amejiandaa, nilimwona anasogeza midomo kama alivyofanya zamani kabla ya kusoma. Walijua ni yeye, mshonaji alishawaeleza alivyo. Lakini hawakumgombeza. Walimsalimia mmoja mmoja, kwa adabu, kama unavyomsalimia mama mtu mzima unayemkuta dukani kwa mtu.

"Shikamoo, mama," walisema, na Dada akaitika marahaba.